SOMO LA ROBO HII: TAA YA INJINI IKIWAKA, TUNUNUE KIPIMIO GANI?



Katika somo hili tunazungumzia jambo linaloonekana la mafundi peke yao, lakini kila mara linarudi mezani kwa kamati. Taa ndogo ya rangi ya machungwa yenye picha ya injini imewaka mbele ya dereva. Dereva anasema, "Gari linataka kupimwa kwa kompyuta." Fundi anasema kifaa fulani kimekufa. Mweka hazina anaulizwa fedha. Je, kamati ijue nini kabla ya kutoa hizo fedha? Na je, ni busara kununua mashine yetu wenyewe ya kupimia?

Kwa walio Masanze swali hili si dogo. Mgonjwa aliyeandikiwa rufaa hupelekwa Kilosa mjini au Mikumi, na gari likisimama njiani wakati wa masika, hakuna fundi wa kompyuta karibu. Gari hilohilo ndilo linalobeba mbegu, chanjo na wageni wa mradi.

1. Taa hiyo inasema nini

Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta inayosimamia injini. Vifaa vidogo viitwavyo sensa huipelekea habari za joto la maji, hewa inayoingia, mzunguko wa injini na moshi unaotoka. Habari ikiwa si ya kawaida, kompyuta huhifadhi namba ya hitilafu na kuwasha taa. Mashine ya kupimia husoma namba hiyo kupitia soketi yenye matundu 16, ambayo kwa kawaida iko chini ya dashibodi upande wa dereva.

Utaratibu huu ulianza kwa sababu ya moshi. Marekani iliulazimisha kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996. Nchi za Umoja wa Ulaya zilifuata, magari ya petroli mwaka 2001 na ya dizeli mwaka 2004. Ndiyo maana namba nyingi hufanana kwa magari ya kampuni mbalimbali.

Namba ina herufi moja na tarakimu nne. Herufi P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chesisi pamoja na breki, na U ni mawasiliano kati ya kompyuta za gari. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, namba ni ya wote. Ikiwa 1, mara nyingi ni ya kampuni iliyotengeneza gari.

Tukumbuke pia: taa ikiwaka bila kupepesa, gari likiwa linakwenda vizuri, dereva anaweza kufika kituoni kwa mwendo wa taratibu. Ikipepesa, injini inamisi vibaya na eksozi inaweza kuharibika; apunguze mwendo na asimame mapema. Lakini taa nyekundu ya oili au ya joto ni habari nyingine kabisa. Hapo asimame na azime injini mara moja.

2. Namba si hukumu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nimewahi kusimamia gari dogo la petroli ambalo taa yake iliwaka na namba ikasomwa P0171. Fundi wa mjini alisema sensa ya eksozi imekufa. Tulinunua sensa mpya kwa fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya safari za kliniki ya watoto. Namba ikafutwa, taa ikazimika, tukashukuru. Baada ya siku nne taa ikawaka tena, namba ileile. Mwishowe fundi mwingine aliona hozi ndogo ya hewa iliyopasuka nyuma ya injini. Hozi ilitugharimu fedha kidogo sana kuliko sensa. Safari mbili za kliniki zilikuwa zimeahirishwa, na akina mama walikuwa wametungoja.

Kosa halikuwa la mashine. P0171 haisemi "nunua sensa." Inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli inayofaa. Sababu inaweza kuwa hozi iliyopasuka, sensa ya hewa iliyojaa vumbi, pampu ya petroli iliyochoka au chujio lililoziba. Namba ni kama homa: inaonyesha kwamba mwili una tatizo, lakini si kila homa ni malaria. Kwetu vumbi la barabara na panya wanaokula waya gari linapolala karibu na ghala la mahindi ni sababu za kuchunguzwa kwanza, maana kuziangalia ni bure.

3. Kufuta kuna wakati wake

Kufuta namba hakutengenezi gari. Kunazima taa na kufuta kumbukumbu ambayo ingemsaidia fundi, pamoja na picha ya hali ya injini wakati hitilafu ilipotokea: mwendo, joto na mzigo. Kuchomoa waya wa betri ili taa izimike, kama wanavyofanya baadhi ya madereva, huleta hasara hiyohiyo kwa magari mengi.

Hata hivyo kufuta kuna kazi njema kukifanywa kwa utaratibu. Tuseme namba ni P0301, yaani silinda ya kwanza inamisi. Kama gari lina koili moja kwa kila silinda, fundi huandika namba, huhamisha koili ya silinda ya kwanza kwenda ya pili na ya pili kuja ya kwanza, hufuta namba, kisha huliendesha gari. Ikirudi P0302, koili ndiyo mbovu, kwa sababu tatizo limehama nayo. Ikirudi P0301, koili ni nzima; aangalie plagi, nozeli au silinda yenyewe. Jaribio hili halihitaji kununua kitu chochote. Kwa hiyo kanuni ni hii: soma, andika, chunguza, tengeneza, ndipo ufute, kisha endesha na usome tena.

4. Kwanza tujue gari letu

Kabla ya kuuliza bei ya mashine, kamati imwombe dereva aandike aina ya gari, mwaka na jina la injini. Majibu yanaweza kuwa ya namna tatu.

(a) Land Cruiser ya "hardtop" yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Magari haya ni mengi katika misheni na miradi yetu. Pampu yake ya dizeli hufanya kazi kimekanika, haitegemei kompyuta. Kwa kawaida mashine ya kupimia haina la kuiambia kamati kuhusu injini hiyo. Fedha iende kwenye oili, machujio na kusafisha nozeli.

(b) Magari ya petroli au dizeli ya kompyuta yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya au la nchi nyingine zinazofuata utaratibu ule wa pamoja. Haya husomwa na mashine za kawaida. Hilux za dizeli zenye injini ya 2KD au 1GD nazo zinatumia kompyuta, ila kamati ihakikishe kwa kujaribu.

(c) Magari yaliyotumika Japani na kuingia kupitia bandari ya Dar es Salaam, kama Noah na RAV4 za zamani. Hapa tuwe macho. Mengi yana soketi ya matundu 16 sawasawa, lakini kompyuta yake huzungumza lugha ya kiwanda chake. Mashine ya bei nafuu itachomekwa na kuandika kwamba haipati mawasiliano. Gari si bovu wala mashine si mbovu, hawaelewani tu.

5. Aina tatu za vipimio

Ya kwanza ni kichomeo kidogo kinachotuma habari kwenye simu kwa Bluetooth. Ni cha bei ya chini na ni chepesi. Lakini hutegemea simu ya mtu na programu yake. Dereva akiondoka na simu, kamati haina kitu. Vingi sokoni ni vya kuiga na havisomi magari yote. Kisiachwe kwenye soketi usiku, kinaweza kumaliza betri.

Ya pili ni kipimio cha mkononi chenye waya na kioo chake. Kinapata umeme kutoka kwenye gari, hakihitaji simu wala intaneti. Tafuteni kinachofanya mambo manne: kusoma na kufuta namba, kuonyesha picha ya hali wakati wa hitilafu, kuonyesha vipimo vya sensa injini ikiwa inaunguruma, na kuonyesha kama kompyuta imemaliza majaribio yake ya ndani.

Ya tatu ni mashine kubwa ya gereji, mfano wa kompyuta kibao. Inasoma pia breki za ABS, mifuko ya hewa na gia, na mara nyingi magari ya soko la Japani. Bei yake ni kubwa, na nyingi hudai malipo ya kuongezewa programu mpya. Inafaa kwa gereji au kwa parokia kadhaa zinazochangia, siyo kwa gari moja.

Ushauri wetu: parokia yenye gari moja la kundi (b) inunue kipimio cha mkononi. Yenye 1HZ isinunue. Yenye gari la kundi (c) ijaribu kwanza. Ikishindikana, ilipie upimaji kwenye gereji yenye mashine kubwa na idai karatasi ya namba zilizosomwa. Walio karibu na chuo cha VETA Mikumi waombe ushauri huko kabla ya kulipa. Na kwa wote: msilipe mpaka kipimio kimesoma gari lenu wenyewe, mbele ya macho yenu.

6. Kipimio na uaminifu

Kipimio husaidia pia siku ya kununua gari lililotumika. Muuzaji anaweza kufuta namba asubuhi na kukuonyesha dashibodi safi mchana. Lakini majaribio ya ndani ya kompyuta huanza upya baada ya kufuta. Mkikuta mengi bado hayajakamilika, ulizeni kwa nini. Huenda betri ilichomolewa karibuni, huenda kuna linalofichwa. Endesheni gari kwa muda wa kutosha na msome tena.

Nyumbani, kipimio kikabidhiwe kwa mtu mmoja kwa maandishi. Daftari la gari liwe na tarehe, kilomita, namba iliyosomwa, kilichotengenezwa, aliyefuta na matokeo baada ya wiki moja. Fundi akiomba fedha ya kifaa, aonyeshe jaribio lililothibitisha kwamba hicho ndicho kibovu. Mfadhili akisoma daftari hilo ataelewa fedha yake ilivyotumika, na dereva mpya atajua gari lilikotoka.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Gari letu liko kundi gani kati ya (a), (b) na (c)? Nani amehakikisha?
2. Mara ya mwisho tulipobadilisha kifaa, tulijuaje kwamba ndicho kibovu? Cha zamani kiko wapi?
3. Taa ikipepesa dereva akiwa na mgonjwa njiani, tumekubaliana afanye nini na ampigie nani?
4. Kuna parokia jirani tunayoweza kuchangia nayo kipimio kimoja?

Tafadhali someni somo hili pamoja na dereva wenu akiwepo. Yeye ndiye anayeiona taa kwanza.