Andalio la Somo Lianzie kwa Mwanafunzi

Jumamosi moja niliwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza juu ya Ekaristi. Andalio langu lilikuwa nadhifu: shabaha, hatua, muda wa kila hatua. Mwishoni walirudia maneno yangu kama kasuku. Mmoja tu akauliza, "Frateri, mageuzo ni nini?" Nikagundua nilikuwa nimepanga nitakayosema mimi, si watakayofanya wao.

Ralph Tyler aliandika mwaka 1949 kwamba mwanafunzi hujifunza kwa anachotenda yeye, si kwa anachotenda mwalimu. Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kuligusa jambo hili katika De Veritate, swali la 11: mwalimu ni kama tabibu, anayasaidia maumbile yafanye kazi yake.

Ndiyo maana sehemu za somo hutegemeana. Ukishajua mtoto anafahamu nini tayari, ndipo unapochagua shabaha, zana na zoezi. Kisha majibu yake yanarudi kulirekebisha andalio lenyewe. (Hapo ndipo wengi wetu huchoka.)

Jumamosi iliyofuata nilianza kwa kuuliza: nyumbani kwenu mnakula pamoja lini, na asipokuwepo nani mnaona pengo? Nusu saa ikaisha sijafungua daftari.