Kabla Hujalipia Betri ya Sola, Soma Hii

Kwenye sola ya nyumbani, betri ndiyo hufa kwanza. Paneli inaweza kukaa juu ya mabati miaka 20 na zaidi, lakini betri isiyofaa huchoka hata kabla ya mwaka kuisha, na pesa ulishatuma. Kwa hivyo soma kidogo kabla ya kuweka PIN.

Wengi hununua betri ya gari kwa sababu ni bei nafuu. Hiyo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache injini iwake, kisha ichajiwe tena papo hapo. Taa na TV huinyonya polepole usiku kucha, na hicho ndicho kinachoiua. Tafuta iliyoandikwa deep cycle ubavuni.

Ukubwa je? Piga hesabu ya saa ambazo jua halipo. Tuseme una taa 3 za wati 5 kwa saa 5: hizo ni wati-saa 75. TV ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Kuchaji simu 3 ni kama 45. WiFi ya wati 10, ambayo watu husahau kabisa, ikiwaka saa 12 inakula 120. Jumla ni 400. Betri ya volti 12 yenye 100Ah ina wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya risasi usitumie zaidi ya nusu, yaani 600. Basi inakutosha, na inabaki akiba ya inveta (nayo hula chake) na zile siku za mawingu za Julai. Pasi haimo kwenye hesabu hii, na isiwemo.

Betri ya lithiamu, ile ya LiFePO4, ni ghali zaidi, lakini unaweza kutumia asilimia 80 ya chaji yake na inadumu muda mrefu zaidi. Kama mfuko unaruhusu, sisi tungechukua hiyo. Hakikisha tu kontrola yako inaikubali.

Dukani, inua betri. Ya risasi ya 100Ah huwa kilo 25 hadi 30. Ikiwa nyepesi, jiulize ndani kuna nini. Angalia tarehe ya kutengenezwa, maana betri iliyokaa rafuni bila chaji huharibika ikiwa bado "mpya". Mwambie fundi aipime: ya risasi iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.7.

Muuzaji wa mtandaoni akikuambia tuma deposit kwa namba yake binafsi ndio aipakie kwa matatu, achana naye. Lipa kwa Till baada ya kuiona betri, na usome jina la biashara kabla ya kuthibitisha. Risiti iwe na jina hilo hilo, tarehe na namba ya betri. Usifute SMS ya malipo. Ukidai waranti, ndiyo ushahidi wako.

Nyumbani, kama betri ina vifuniko vya maji, ikague kila mwezi. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, si ya mfereji wala asidi. Iweke penye hewa, mbali na jiko na mshumaa, kwa sababu ikichaji hutoa gesi inayoweza kulipuka. Na ukienda ushago Desemba, zima vifaa vyote lakini uache paneli ikiendelea kuichaji.