Vinyume vya Neno «Bure»

Neno «bure» lina maana mbili: bila malipo, na bila faida. Basi vinyume vyake ni viwili: «kwa malipo» na «kwa faida». Mtu wa Kalengera, katika Kivu ya Kaskazini, anunuapo maharagwe hutoa bei. Mpagazi humpa ujira. Aendapo Goma kwa gari hulipa nauli.

Mwaka 2019 Serikali ya Kongo ilitangaza masomo ya bure katika shule za msingi za umma. Je, masomo hayo hayana faida? Hasha! Mzazi halipi, lakini mwalimu hudai mshahara kwa Serikali. Amwachaye mtoto nyumbani, akidhani cha bure hakina thamani, amechanganya maana mbili. Naye mtoto ndiye atakayelipa.

Swali: Taja vinyume viwili vya «bure».