Kuzisoma Barua na Daftari za Askari wa Tiba

Katika nyumba nyingi za Kenya, na pengine hata hapa Kiwanjani, Isiolo, lipo sanduku la bati lisilofunguliwa ila mwenyewe akitafuta cheti. Chini kabisa huenda zikawamo barua za babu aliyekwenda vitani, au daftari lake dogo. Msomaji asizitupe. Leo tutajifunza jinsi ya kuzisoma karatasi hizo, na mfano wetu ni askari wa tiba, yaani yule aliyewafunga majeruhi vidonda na kuwapa wagonjwa dawa. Watu wa zamani walimwita dresa.

Kwanza yatupasa kuvijua vita vyenyewe. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni, 1940, na mwezi uliofuata majeshi yake yakaitwaa Moyale. Isiolo ikawa katika njia ya majeshi yaliyokwenda kaskazini, upande wa Marsabit na mpakani. Waitalia walipokwisha kushindwa huko Ethiopia, askari wengi wa Afrika Mashariki walivushwa bahari hadi Ceylon, kisha Burma, wapigane na Wajapani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, mahali palipojaa malaria. Huko iliwapasa watu wa tiba kuwabeba majeruhi katika matope, na askari wote walitakiwa kumeza kila siku vidonge vya mepakrini, ambavyo viliigeuza ngozi kuwa ya manjano.

Je, mtu aliyeyaona hayo aliandika nini nyumbani? Mara nyingi aliandika kwamba hajambo, akawasalimu jamaa mmoja mmoja, akauliza habari za mifugo. Mjukuu akisoma hivyo huweza kudhani kwamba babu hakuona jambo lolote. Asifanye haraka kuhukumu. Barua ya askari ilisomwa kwanza na afisa wake, na jina la mahali, la kikosi, au hesabu ya waliokufa havikuruhusiwa. Tena mwana hakutaka kumtia mamaye hofu. Zaidi ya hayo, askari wengi hawakujua kuandika. Aliyesoma shule aliwaandikia wenziwe, na huko nyumbani barua ilisomwa na mwalimu au kijana wa shule mbele ya watu.

Kwa hiyo, kila barua iulizwe maswali manne. Nani aliishika kalamu? Nani aliisoma njiani? Iliandikwa siku gani, na siku hiyo kikosi kilikuwa wapi? Na ni neno gani ambalo lingetazamiwa kuwamo, lakini halimo?

Daftari ni jambo jingine. Jeshi lilikataza kuandika habari za kila siku katika mstari wa mbele, kwa kuwa adui angeweza kulitwaa. Ndiyo sababu madaftari ni machache, na wengine waliandika kwa kukumbuka tu, miaka mingi baadaye. Mmoja wao ni Isaac Fadoyebo wa Nigeria, aliyekuwa askari wa tiba huko huko Burma katika majeshi ya Afrika Magharibi. Mwezi wa Machi 1944 Wajapani waliwashambulia ghafula kando ya mto Kaladan, naye akavunjwa mguu kwa risasi. Yeye na David Kargbo wa Sierra Leone walilishwa na wanakijiji msituni, kisha Mwislamu mmoja, jina lake Shuyiman, akawaficha nyumbani mwake, ingawa angeuawa kama Wajapani wangejua. Waliokolewa Desemba mwaka huo. Kumbukumbu zake zilitolewa kitabu mwaka 1999.

Mwaka 2011 Fadoyebo, akiwa mzee, aliandika barua ya shukrani, na mwandishi wa habari Barnaby Phillips akaipeleka Burma. Shuyiman alikwisha kufariki, lakini watu wa nyumba yake walionekana, wakaipokea. Fadoyebo alifariki mwaka 2012. Kama asingaliandika, jina la Shuyiman lisingalijulikana kwetu.

Basi tuzitunze karatasi zetu. Barua ikunjuliwe polepole na kulazwa bapa ndani ya bahasha safi, mbali na jua, unyevu na mchwa. Isigandishwe kwa gundi wala karatasi ya kunata, maana huiharibu. Ipigwe picha hata kwa simu, na nyuma ya bahasha yaandikwe kwa penseli majina ya mwandishi na mpokeaji, maadamu yuko mtu anayewakumbuka. Anayependa aweza kuomba shauri katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi.

Jioni ya leo mwulize mzee wa nyumba yako kama sanduku hilo lipo, nawe uketi naye mlifungue pamoja.