Kutafuta Kosa la Umeme katika Pikipiki Kuukuu

Pikipiki iliyotumika miaka mingi ni kama nyumba ya zamani: kuta zake huenda zikawa imara bado, lakini maji hupenya mahali pasipoonekana. Injini yaweza kuwa nzima, breki zikashika vizuri, na hali umeme wake hukatika bila taarifa. Taa huzimika usiku barabarani, honi hunyamaza penye watoto, na betri iliyonunuliwa juzi hufa leo. Wenye pikipiki wengi, wakipatwa na taabu hiyo, hukimbilia dukani na kununua kitu kimoja baada ya kingine, mpaka fedha zao zikaisha na kosa likabaki palepale. Haifai kufanya hivyo. Kosa la umeme hutafutwa kwa utaratibu, kama mchungaji atafutavyo ng'ombe aliyepotea: hufuata nyayo zake tangu zizini, wala hapigi mbio porini ovyo.

Umeme hupita wapi

Kabla ya kushika bisibisi, yapasa kufahamu jambo moja. Umeme hauendi upande mmoja tu. Hapana budi uende na kurudi. Hutoka katika betri, ukapita katika fyuzi, kisha katika swichi, ukafika katika taa. Na ukiisha kuiwasha taa hurudi katika betri. Katika pikipiki njia ya kurudia si waya, bali ni chuma cha fremu yenyewe. Njia hiyo ikikatika mahali popote, wakati wa kwenda au wa kurudi, taa haiwaki.

Pikipiki nyingi za Uingereza za miaka ya 1950, kama zile za BSA na Triumph, zilikuwa na betri ya volti 6, na upande wa betri wenye alama ya kujumlisha ndio uliofungwa kwenye fremu. Pikipiki za Japani zilizokuja baadaye hufungwa kwenye fremu kwa upande wa kutoa. Basi mtu asifunge betri kwa mazoea tu, bali aangalie kwanza jinsi pikipiki yake ilivyoundwa. Maana kugeuza pande hizo kwaweza kuharibu mara moja kile kifaa kinachougeuza umeme wa jenereta uweze kuingia katika betri.

Tena volti 6 zahitaji uangalifu zaidi. Taa ya wati 30 katika betri ya volti 12 hutumia ampea 2 na nusu, lakini katika betri ya volti 6 hutumia ampea 5. Kwa hiyo penye kutu kidogo tu, kizuizi cha sehemu mbili za kumi za omu, taa hiyo ya volti 6 hupotewa na volti ipatayo 1 katika 6 zake. Ndiyo sababu taa ya pikipiki kuukuu huwaka kama kibatari, na mwenyewe hudhani kuwa betri ni mbovu.

Hatua ya kwanza: kuuliza kabla ya kufungua

Je, ni kitu kimoja kilichokufa, au vyote? Ikiwa taa ya mbele peke yake haiwaki, na honi yalia, basi betri haina hatia. Kosa limo katika balbu, au katika swichi, au katika waya wa taa hiyo. Ikiwa vyote vimekufa pamoja, kosa li mahali ambapo vyote vyashiriki: katika betri, katika fyuzi, katika swichi kubwa, au mahali ambapo waya wa betri umefungwa kwenye fremu.

Mtu asidanganywe na injini. Pikipiki nyingi za zamani zina magineto, ambayo hutengeneza cheche zake yenyewe bila msaada wa betri. Injini ya namna hiyo yaweza kuunguruma vizuri hali betri imekufa kabisa.

Hatua ya pili: betri

Vichwa vya betri viangaliwe. Mara nyingi hufunikwa na unga mweupe au wa kijani, na unga huo huzuia umeme. Waya zitolewe, vichwa vioshwe kwa maji ya moto na kusuguliwa mpaka ving'ae, kisha vikazwe na kupakwa grisi kidogo. Maji yakipungua, yaongezwe maji safi ya betri, wala si ya mtoni wala ya mferejini. Sigara na moto viwe mbali, kwa kuwa hewa itokayo katika betri inayojazwa umeme huweza kulipuka.

Mwenye mita ya volti na apime. Betri ya volti 6 iliyojaa na kutulia huonyesha 6.3 au zaidi kidogo. Ya volti 12 huonyesha 12.6 hivi. Kisha taa iwashwe na betri ipimwe tena. Volti zikiporomoka mara moja, betri imechoka au haijajazwa umeme. Mwisho injini iwashwe na kuongezwa mwendo. Volti zikipanda, jenereta inafanya kazi yake. Zisipopanda, hata betri mpya itakufa baada ya siku chache, na kosa litafutwe katika jenereta na vifaa vyake.

Hatua ya tatu: taa ya majaribio

Asiye na mita asikate tamaa. Atwae balbu ndogo yenye volti sawa na za betri yake, na kuifunga waya mbili ndefu. Hiyo ni taa ya majaribio, na mafundi wengi wamejipatia riziki kwa chombo hicho tu. Nayo haijali ni upande upi wa betri uliofungwa kwenye fremu.

Waya mmoja wa taa hiyo ushikwe kwenye fremu, mahali palipokwanguliwa rangi. Waya wa pili uguse njia ya umeme mahali pamoja baada ya pengine: kichwa cha betri kisichofungwa kwenye fremu, kisha fyuzi upande huu na upande huu, kisha swichi inapoingia na inapotoka, kisha mahali pa balbu. Swichi iwe imefunguliwa. Taa ya majaribio ikiwaka mahali, umeme wafika hapo. Isipowaka mahali panapofuata, kosa li katikati ya sehemu hizo mbili, wala hakuna haja ya kuhangaika pengine.

Umeme ukifika mpaka kwenye balbu nzima na balbu isiwake, basi njia ya kurudi imekatika. Utwaliwe kipande cha waya, upande mmoja ufungwe kwenye kichwa cha betri kilichofungwa kwenye fremu, na wa pili uguse chuma cha nyumba ya taa. Balbu ikiwaka, kosa limejulikana: kutu, rangi au grisi imeitenga taa na fremu.

Shoti na hatari yake

Fyuzi ikiungua mara kwa mara, maana yake ni kwamba waya umechubuka na kugusa chuma, hata umeme ukarudi katika betri kwa njia ya mkato. Hiyo ndiyo shoti, nayo ni adui wa kuogopwa.

Mfano wa mchukuzi wa maziwa utafaa. Mtu huyo huondoka alfajiri penye ukungu, na maziwa yasipofika mapema hukataliwa. Kila mara akikata kona ya kushoto taa yake huzimika. Aona fyuzi imeungua. Aweka nyingine, nayo yaungua. Kwa kuwa ana haraka, akunja karatasi ya fedha ya paketi ya sigara na kuitia mahali pa fyuzi. Taa yawaka, naye ashukuru. Lakini fyuzi ni askari wa mlangoni. Akiondolewa, mwizi huingia ndani. Siku ya tatu mchukuzi anusa harufu ya mpira unaoungua, na moshi watoka chini ya tangi la petroli. Kama asingalizitoa waya za betri upesi, angalipoteza pikipiki na maziwa, na pengine uhai wake.

Shoti hutafutwa hivi. Fyuzi hutolewa, na taa ya majaribio hufungwa mahali pake. Balbu zote za pikipiki hutolewa, na ikiwa injini hutumia koili badala ya magineto, waya wa koili pia hutolewa. Kisha swichi hufunguliwa. Sasa umeme hauna njia ya haki ya kupita, na taa ya majaribio haipaswi kuwaka. Ikiwaka, pana shoti. Basi waya zitolewe mmoja mmoja; ule ambao ukitolewa taa ya majaribio huzimika, ndio wenye kosa.

Yule mchukuzi alipofanya hivyo, taa ya majaribio haikuwaka. Hakuridhika, bali aliushika usukani akaugeuza taratibu kushoto. Papo hapo taa ikawaka. Alipolitoa tangi la petroli akaona waya wa taa ya mbele umebanwa kwenye shingo ya fremu, mpira wake umelika, na shaba yagusa chuma kila usukani ukigeuzwa. Kipande kibovu kilikatwa, kipya kikaungwa kwa risasi, kikafunikwa vizuri na kufungwa mbali na shingo ya fremu. Kazi hiyo haikuhitaji betri mpya wala swichi mpya. Ilihitaji dhiraa moja ya waya na saa moja ya subira.

Mambo ya kukumbuka

1. Waya zitolewe kwenye betri kabla ya kukata au kuunga waya wowote.

2. Fyuzi ibadilishwe kwa fyuzi ya kipimo kilekile. Msumari, waya mnene na karatasi ya fedha si fyuzi.

3. Penye shaka, waya zitikiswe na usukani ugeuzwe kushoto na kulia wakati wa kupima, kwa sababu makosa mengi hujificha pikipiki ikisimama.

4. Kifaa kisinunuliwe mpaka kimethibitika kuwa kibovu.

5. Likitengenezwa kosa moja, vyote vijaribiwe tena kabla ya safari ya usiku.

Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na mahali pa umeme neno hilo ni kweli kabisa. Mwenye kufuata njia ya umeme hatua kwa hatua, tangu betri mpaka taa na kurudi, hatakosa kuliona kosa. Na atakapoondoka alfajiri penye ukungu, ataiona barabara iliyo mbele yake, na walio barabarani watamwona yeye.