Ua Upi Tupande: Bogenvilia au Msaipresi?

Somo letu la leo linaanza na neno dogo la herufi mbili. Neno lenyewe ni UA. Soma sentensi hizi mbili kwa sauti.

Ua hili ni jekundu.
Ua huu ni mrefu.

Umeona tofauti? Katika sentensi ya kwanza tunataja ua la mmea. Yakiwa mengi tunasema maua. Katika sentensi ya pili tunataja kizuizi kinachozunguka nyumba. Zikiwa nyingi tunasema nyua. Leo tutazungumza juu ya yote mawili: ua wenye maua, na ua usio na maua.

Wengi wetu tunaijua michongoma na minyaa. Hizo ni nyua za tangu zamani. Lakini siku hizi watu wengi wanapenda kupanda bogenvilia au misaipresi kuzunguka nyumba zao. Wengine wanatuuliza: upi ni bora? Kabla ya kujibu, tuwasimulie lililotupata sisi wenyewe.

Mbuzi walipoingia bustanini

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulisoma kisomo katika kijiji cha mlimani, kwenye baridi. Darasa letu lilikuwa na bustani ya mchicha na kabichi. Mboga tuliziuza, na fedha zake zilinunua chaki, madaftari na mafuta ya taa. Tulizungushia bustani ile ua wa misaipresi. Miche ilishika vizuri. Tukafurahi, tukaiacha ijikulie. Miaka mitatu hatukuigusa.

Mwaka wa nne tukaona kumbe ua umekuwa msitu. Umepanuka, umetia kivuli matuta mawili ya mboga. Basi tukaitana siku moja, kila mtu na panga lake. Tukakata pembeni, tukakata juu, tukafika mpaka kwenye matawi manene ya ndani yasiyo na jani. Tukasema, "Yatachipua tu, kama michongoma."

Hayakuchipua. Mvua zikaja, zikapita. Upande tulioukata ukabaki mkavu, rangi ya kahawia. Miti kadhaa ikafa kabisa. Mbuzi wakapata mwanya, wakaingia usiku mmoja, wakamaliza kabichi zote. Muhula ule darasa lilikosa madaftari. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuandika jina lake. Alikaa wiki nyingi akiandika chini kwa kijiti.

Ndipo tulipokwenda kwa bwana shamba. Mengi ya somo hili tulianza kuyajua siku ile. Tungeuliza kabla, tusingepata hasara.

Bogenvilia ni mmea gani?

Bogenvilia ni mmea unaotambaa. Ukiupa nguzo, mti au ukuta, hupanda juu kwa kujishikiza kwa miiba yake. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 1767 Mfaransa mmoja mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, aliuona huko Rio de Janeiro katika nchi ya Brazil. Alikuwa katika msafara wa meli ulioongozwa na Louis-Antoine de Bougainville, na jina la mmea limetokana na jina la mkuu huyo. Msaidizi wa Commerson alikuwa mwanamke, Jeanne Baret. Alisafiri amevaa nguo za kiume, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa kusafiri katika meli zile.

Sasa tazama bogenvilia kwa makini. Ile rangi nyekundu, ya zambarau au ya chungwa tunayoiita maua, siyo maua. Ni majani yaliyogeuka rangi, membamba kama karatasi. Maua yenyewe ni yale madogo meupe yaliyo katikati, mara nyingi matatu pamoja. Yale majani ya rangi kazi yake ni kuwaita wadudu.

Bogenvilia hupenda jua kali na joto. Ikishashika mizizi huvumilia ukame. Ndiyo maana huiona ikipendeza Dodoma, mahali penye mvua chache, na pia Tanga na Dar es Salaam. Hata Arusha hustawi. Lakini baridi kali yenye umande wa barafu huunguza machipukizi yake.

Msaipresi ni mti gani?

Msaipresi ni ndugu wa miti kama misonobari. Wengine huuita mti wa Krismasi. Haupukutishi majani yote kwa wakati mmoja, hivyo ni kijani mwaka mzima. Hauna maua ya rangi. Mbegu zake zimo katika vijitunda vigumu vya mviringo, ukubwa wa gololi, ambavyo hupasuka vikikauka.

Aina inayopandwa zaidi kwetu ilitoka Meksiko na nchi za jirani zake. Hupenda nyanda za juu, kuanzia kama mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, penye mvua ya kutosha. Utaiona Lushoto, Mufindi, Njombe na kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru. Ukiipanda pwani au mahali pakavu, haistawi, na mara nyingi mchwa huimaliza.

Msaipresi una adui mwingine. Ni mdudu mdogo wa jamii ya vidukari anayefyonza utomvu. Alionekana Malawi mwaka 1986, na katika miaka michache akaenea Tanzania na Kenya. Miti mingi ilikauka. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya mdudu huyo na kumwua. Hata hivyo mdudu bado yupo. Ukiona matawi yanakauka kuanzia ndani, na masizi meusi yenye kunata, mwite bwana shamba mapema.

Tulinganishe

Kuhusu upepo, msaipresi unashinda. Hufungamana toka chini mpaka juu, na huzuia upepo wa baridi unaopiga nyumba na mazizi.

Kuhusu wanyama, bogenvilia inashinda. Miiba yake ni mikali. Mbuzi na mbwa hufikiri mara mbili. Lakini miiba hiyo hiyo huchoma watoto. Usiipande kando ya njia nyembamba ya kwenda shule au kisimani.

Kuhusu mazao, vyote viwili hunyang'anya maji na mwanga. Msaipresi ukiwa mrefu huzidi. Acha nafasi ya hatua tatu au zaidi kati ya ua na mahindi au mboga.

Kuhusu moto, msaipresi uliokauka ndani huwaka upesi. Usiupande ukigusa jiko la nje au paa la nyasi.

Kuhusu mifugo, matawi ya msaipresi siyo malisho. Aina mojawapo ya misaipresi inajulikana kuharibu mimba za ng'ombe wakiila. Ukikata ua, usiwatupie ng'ombe matawi.

Kuhusu kukata, hapa ndipo tulipoumia sisi. Bogenvilia ukiikata sana huchipua tena, hata kwenye shina la zamani. Msaipresi hauchipui kwenye tawi la zamani lisilo na majani mabichi. Ukipita kijani, umeua.

Hesabu ya miche

Chukua kalamu na daftari. Kiwanja kina urefu wa mita 25 na upana wa mita 15. Mzunguko wake ni:

25 + 15 + 25 + 15 = mita 80

Toa lango la mita 4:

80 − 4 = mita 76

Misaipresi ya ua hupandwa karibu karibu. Tukiacha sentimita 50 kati ya mche na mche, kila mita moja itachukua miche miwili:

76 × 2 = miche 152

Bogenvilia hutanuka. Tukiacha mita moja kati ya mche na mche, tunahitaji miche 76.

Mingine itakufa. Ongeza mche mmoja kwa kila kumi. Basi andaa misaipresi 167, au bogenvilia 84. Usiende kwa muuza miche bila hesabu hii. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Namna ya kupanda

Bogenvilia haikulazimu kununua. Omba jirani akukatie tawi lililokomaa, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa sentimita 15 hadi 20. Kata chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani. Chomeka theluthi mbili katika udongo wenye mchanga, mahali penye kivuli. Udongo uwe na unyevu lakini usituame maji. Likichipua na kushika mizizi, hamisha mvua zinapoanza. Mizizi yake hukatika kirahisi. Usikung'ute udongo wake. Baada ya hapo ipe jua. Ukiizidishia maji na mbolea utapata majani mengi na maua machache. Simika nguzo na ufunge matawi, la sivyo yatatambaa chini.

Msaipresi huoteshwa kwa mbegu kitaluni, kisha huhamishiwa kwenye viriba. Miche ikifika sentimita 20 hadi 30, ipande shambani mwanzoni mwa mvua. Mwaka wa kwanza palilia na uilinde na mifugo.

Samaki mkunje angali mbichi

Methali hii unaijua. Tuliisoma darasani, tukaiandika vizuri, halafu tukaenda kufanya kinyume chake! Ua wa msaipresi hukunjwa ungali mchanga. Anza kupunguza pembeni kidogo kidogo tangu mwaka wa kwanza. Kata mara mbili kwa mwaka, na ukate sehemu ya kijani tu. Ukifika kimo unachotaka, kwa mfano kimo cha kifua, kata ncha. Chini uwe mpana kuliko juu, ili jua lifike mpaka chini. Ukiwa mpana juu, chini hukauka na mbuzi hupata mlango.

Bogenvilia ipunguze baada ya maua kwisha. Maua mapya hutoka kwenye machipukizi mapya. Vaa nguo za mikono mirefu, na funga mikono kwa kitambaa kizito.

Jirani yako naye

Ua haukai siku zote pale ulipoupanda. Hutanuka. Mche uliopandwa juu ya mpaka leo, kesho umo ndani ya shamba la mwenzako. Hapo ugomvi huanza. Pandeni hatua moja ndani ya mpaka wenu, na kabla ya kupanda mwite jirani aone. Maneno machache ya leo ni nafuu kuliko kesi mbele ya baraza.

Basi, upi ni bora?

Ndugu msomaji, ukiwa pwani au nchi kavu, panda bogenvilia. Ukiwa mlimani penye upepo na baridi, panda msaipresi, mradi ukubali kuukata kila mwaka. Kama hujaridhika, unaweza kuvichanganya pale penye hali ya hewa ya wastani: misaipresi upande wa upepo, na bogenvilia mbili langoni, mgeni azione.

Sisi tuling'oa misaipresi iliyokufa, tukapanda mipya kwenye mianya. Tumeandika tarehe za kukata katika daftari la darasa, na kila msimu mtu mmoja husoma tarehe hizo kwa sauti. Kazi hiyo siku hizi anaifanya yule mama aliyekuwa akiandika chini kwa kijiti.

Maswali ya kujipima

1. Neno "ua" lina maana gani katika sentensi hizi: "Amechuma ua." "Amekata ua."
2. Rangi ya bogenvilia iko kwenye maua au kwenye majani?
3. Kwa nini ua wa msaipresi usikatwe kupita sehemu ya kijani?
4. Kiwanja kina urefu wa mita 30 na upana wa mita 20. Lango ni mita 3. Utahitaji misaipresi mingapi ukiacha sentimita 50 kati ya mche na mche?
5. Kijijini kwenu ua upi unafaa? Andika sentensi tano, kisha msomee jirani yako.