Fedha ya Serikali na Mkono wa Mwenyeji

Wako wadhanio kwamba shida za mitaa iliyobanana mijini, yaani mafuriko, maji machafu na njia zisizopitika, zaweza kuondolewa kwa fedha peke yake. Fedha ni lazima, lakini haitoshi. Jiji la Dar es Salaam latupa mifano miwili.

Wa kwanza ni Manzese. Zamani nyumba zilizojengwa pasipo kupimwa zilibomolewa. Mwaka 1972 Serikali ilikata shauri kutengeneza mitaa hiyo badala ya kuibomoa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1974, Manzese ilipata barabara na maji, na viwanja vipya vikapimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Mkopo wa pili ulifuata mwaka 1977. Kazi ilikuwa njema. Lakini halmashauri za miji zilikuwa zimevunjwa, wala hazikurudishwa ila mwaka 1978. Na ada zilizotazamiwa kwa wenyeji hazikukusanywa ipasavyo. Basi, mtaro ukiziba, nani auzibue? Kitu kilichojengwa na watu wa mbali hukosa mlinzi wa karibu.

Mfano wa pili ni Hananasif, katika Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi. Huko mvua ilipozidi, maji yaliingia hata vyumbani. Katika miaka ya 1990 ulifanywa mpango wa namna nyingine. Jiji, Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine walileta fedha na utaalamu. Wenyeji nao waliunda chama chao, kikapewa mikataba ya kuchimba mitaro na kutengeneza njia. Wake kwa waume wa mtaa ule ule walishika sururu na koleo, wakalipwa ujira. Hivyo sehemu ya fedha ilibaki mtaani, na ufundi ukabaki pamoja nayo. Aliyeujenga mtaro kwa mikono yake ajua gharama yake, naye huona uchungu akiona mtu akitupa taka humo.

Hata hivyo, tusidanganyike. Ushirika wa wenyeji usiwe kisingizio cha Serikali kuutua mzigo wake. Mtaro wa mtaa mmoja humwaga maji yake penginepo. Mto Msimbazi hauwezi kutulizwa na mtaa mmoja. Tena, mtaa ukipendeza, kodi za nyumba huelekea kupanda, na mpangaji maskini aweza kufukuzwa na maendeleo yaliyokusudiwa kumsaidia. Kwa hiyo mpangaji naye hana budi kuwa na sauti katika mkutano, si mwenye nyumba tu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika mtaa wetu, ni kazi gani iliyojengwa kwa fedha ya umma, na nani huitunza?
2. Je, twahudhuria mkutano wa mtaa na kuuliza hesabu ya mapato na matumizi?
3. Ni nani kati ya majirani zetu ambaye sauti yake haisikiki huko?